Jinsi ya kutunga chemshabongo ya tiba isiyozua ubishi

Anza na jibu, swali utalitunga baadaye. Ukipata jambo la kweli linaloshangaza, libane kwa maneno mpaka libaki jibu moja tu. "Binadamu ana mifupa mingapi?" ni swali bovu, kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na vipande karibu 300, vingi vikiwa bado na gegedu, na huungana kadiri anavyokua. Uliza "Mtu mzima kwa kawaida ana mifupa mingapi?" upate 206. Hilo "kwa kawaida" lisikose: wapo wenye ubavu wa ziada. "Kiungo kikubwa" nacho ni mtego, maana huyu atasema ngozi, yule ini. Sema "kiungo cha ndani kizito kuliko vyote", ini litabaki peke yake.

Majibu ya kuchagua yawe ni yale watu wanayoyaamini kweli. Kwa mfano: mtu akipandikizwa figo, za zamani hufanywaje? Zote mbili hutolewa, hutolewa moja, au huachwa? Mara nyingi huachwa, na mpya huwekwa chini tumboni, karibu na nyonga. Wengi hukosa hapo, na ndipo utamu ulipo.

Historia hutoa maswali mazuri zaidi kwa kuwa hayapitwi na wakati, ila usiulize mwaka mtupu. Mwaka 1816, daktari Laennec wa Ufaransa aliona haya kuweka sikio kifuani pa msichana. Alitumia nini? Karatasi aliyoiviringisha, na hapo ikazaliwa stetoskopu. Mwaka 1984 Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa bakteria kuthibitisha kwamba wanaweza kuuumiza utando wa tumbo; akapata Nobeli mwaka 2005.

Maswali ya "kweli au si kweli" yasizidi mawili kati ya kumi, kwani anayebahatisha hupata nusu. Lifaalo: kucha hukua baada ya kifo? Si kweli, ngozi hukauka na kurudi nyuma.

Maswali ya dozi yaache kabisa, mtu anaweza kwenda kuifuata.

Wasomee maswali yako watu wawili wasioshiriki. Mmoja akiuliza "una maana gani?", andika upya.

Weka akiba swali la namba kwa waliofungana, aliye karibu zaidi ashinde: kwikwi ya Charles Osborne wa Marekani ilidumu miaka mingapi? 68, kuanzia 1922 hadi 1990.