SOMO: Kuagiza injini ya kuundiwa kwa gari la barabarani, ukiwa Tabora

Wakuu, habari za jioni. Niliahidi somo hili tangu kiangazi kilichopita, leo nimepata wasaa wa kukaa na kuandika.

Gari langu ni Mark II JZX110, injini 1JZ-GTE VVT-i. Iliyomo sasa ni ya pili kuundiwa, yaani kufunguliwa, kuchongwa na kufungwa upya kwa oda yangu. Ya kwanza ilikufa baada ya kilomita 900, na pistoni zake zilikuwa mpya kabisa, za gharama. Ilikufa kwa sababu hakuna aliyepima, na mimi mwenye gari sikudai vipimo. Ukiagiza injini, unachonunua ni vipimo. Vyuma vinauzwa kila mahali.

Hatua ya 1: Andika gari litafanya kazi gani

Usimwendee fundi na "nataka farasi 500". Mimi niliandika hivi kwenye karatasi ya daftari: gari linakwenda kazini kila siku, linatoka na familia kwenda Nzega na Singida, linajazwa petroli ya kituo cha hapa hapa, na lisichemshe kwenye jua la Oktoba. Mwisho nikaandika farasi 350. Kiwandani ilitoka na 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke kwenye matangazo yao mpaka 2004.

Kwa farasi 350, 1JZ yenye afya haihitaji pistoni mpya. Mimi nililazimika kwa sababu silinda zilishakwaruzwa. Kama yako ni nzima, pima kompresheni kwanza, silinda zote sita, na zikilingana vizuri hiyo hela ipeleke kwenye rejeta, breki na matairi.

Hatua ya 2: Jua nani anafanya nini

Kuna fundi wa kufungua na kufunga, kuna karakana ya kuchonga, na kuna mtu wa kutyuni, anayepanga petroli na moto wa plagi kwenye kontroli boksi, kompyuta ya injini. Mara chache ni mtu mmoja. Wangu wa kufunga yuko hapa Tabora. Bloku ilisafiri Mwanza kuchongwa.

Usitume bloku bila pistoni. Silinda inachongwa kufuata pistoni yake iliyopimwa kwa mikromita, si kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi. Paka bloku oili, ifunge nailoni, iweke kwenye kreti ya mbao, na kapu za beringi zibaki zimefungwa kila moja mahali pake. Ulizia pia kama wana bamba la kufungia juu ya bloku wakati wa kuhoni, yaani kusugua ukuta wa silinda kwa mawe mpaka ufikie kipimo. Hedi ikikazwa, silinda hujipinda kidogo. Bamba linaigiza ule mkazo ili mduara uwe kamili injini ikishafungwa. Asiyejua unazungumzia nini, mshukuru, uondoke.

Hatua ya 3: Karatasi ya vipimo

Hapa ndipo penyewe. Kabla ya kutoa advansi, kubalianeni kwa maandishi kwamba utapewa karatasi yenye kipenyo cha kila silinda, juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Nafasi kati ya pistoni na ukuta. Nafasi ya ncha za ringi. Nafasi ya beringi za konrodi na za krankshafti. Unyoofu wa uso wa hedi na bloku. Na ujazo wa chemba, nafasi ya mlipuko juu ya pistoni. Kwa krankshafti ya barabarani, shingo ya karibu milimita 50 huhitaji nafasi ya karibu 0.05. Ukiona wameandika "sawa" badala ya namba, rudisha.

Ujazo wa chemba unaweza kuukagua mwenyewe kwa kalamu. 1JZ ina kipenyo cha silinda cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 71.5, yaani karibu sisi (cc) 415 kwa silinda. Ukitaka kompresheni ya 9 kwa 1, yaani hewa ibanwe mara tisa, gawanya 415 kwa 8: unapata karibu sisi 52 za nafasi yote inayobaki juu pistoni ikiwa kileleni, gasketi ikiwemo. Hedi ikikwanguliwa sana nafasi hiyo inapungua, kompresheni inapanda bila wewe kuambiwa.

Sasa ringi, zilizoniulia injini ya kwanza. Ringi ikipata moto inarefuka. Kama ncha zake hazikuachiwa nafasi, zinagusana, ringi inabana ukuta na kung'oa kingo za pistoni. Nilipofungua ile injini, ncha za ringi ya juu ya silinda namba 4 zilikuwa zinang'aa kama kioo. Ziligusana mpaka zikajisugua. Pistoni ilikuwa imemeguka kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, na ukuta wa silinda una michirizi unayoihisi kwa ukucha.

Kipimo chenyewe ni cha dakika mbili. Unaingiza ringi peke yake ndani ya silinda, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae mlalo, kisha unapitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, kwenye mwanya. Kwa pistoni za kufuliwa, zile mafundi wanaita foji, kwenye turbo ya barabarani, kanuni ya kuanzia ni kipenyo mara 0.005. Kwa 86 ni milimita 0.43. Karatasi iliyokuja na pistoni zako ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kila ringi na silinda yake, ukishapima usichanganye.

Hatua ya 4: Malipo

Kwa awamu: advansi, malipo ya vipimo vikikamilika, na ya mwisho injini ikishawaka. Tenga robo ya bajeti pembeni, maana bolti, gasketi, mipira na klachi vitakula. Ukibadili bloku, namba ya injini haitalingana na kadi; pita TRA mapema, na bima waambie.

Hatua ya 5: Kuwasha na kuizoesha

Zungusha kwanza bila plagi mpaka geji ya oili ipande. Ikiwaka, usiiache sailensa, ikinguruma bila kukanyagwa, nusu saa. Kagua uvujaji, kisha toka nayo. Mimi nilipita barabara ya Nzega alfajiri: nakanyaga kiasi, naachia gari lishuke kwa gia, narudia. Ringi hukaa kwa mzigo. Oili ya kwanza nilimwaga siku hiyo hiyo, ya pili kilomita 500.

Filta ya kwanza usiitupe. Nilikata ganda, nikaikunjua karatasi chini ya mwembe na kupitisha sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvihesabu, zima gari.

Kutyuni kufanyike kwa sensa pana ya lambda, inayosoma uwiano wa hewa na petroli, kwa petroli unayojaza kila siku. Na boksi la filta ya hewa libaki. Mchanga wetu huu wa Tabora ukipita kwenye filta ya wazi, honi yote uliyolipia inasagwa.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Urambo:* Mkuu, nina Altezza ya 3S-GE ya gia sita. Niweke turbo moja kwa moja?

Hapana kaka. Kompresheni yake inazidi 11 kwa 1, ukiisukumia hewa, petroli italipuka kabla ya wakati wake na kuipiga injini. Ama uishushe kwa pistoni nyingine, ama uiache kama ilivyo. Ni injini tamu inapozungushwa juu.

*Mdau wa Mwanga, Kigoma:* Nikityuni huku kwetu, nikishuka Dar kuna shida?

Swali zuri. Kigoma ziwani mko karibu mita 770, Tabora karibu 1,200, na hewa ya Dar ni nzito kuliko kote. Kontroli boksi inayosoma mgandamizo wa hewa inajirekebisha. Mwambie anayetyuni aache akiba kwenye taimingi, wakati wa plagi kuwasha, na mkifika pwani soma lambda tena kabla ya kukanyaga.

*Dada wa Isevya:* Nitajuaje fundi hajabadilisha vyuma vyangu?

Piga picha kila kipande pamoja na namba zake, weka alama ya panchi mahali pasipofanya kazi, na andikeni kwamba vyuma vya zamani vyote vinarudi kwako, dada.

*Mdau wa Kaliua:* Yangu imefungwa pistoni za foji, asubuhi inagonga kama cherehani. Niifungue?

Subiri kwanza. Foji nyingi ni za aloi ya 2618, inayotanuka sana ikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa ukutani. Zangu ni milimita 0.08. Ikiwa baridi pistoni inacheza. Endesha taratibu mpaka oili, si maji tu, ipate moto, kisha sikiliza. Ikinyamaza, endelea. Mlio ukibaki, au ukizidi unapokanyaga, usiwashe tena. Shusha kata ya oili, lile bakuli la chini ya injini, uangalie beringi za konrodi kwanza.