Jinsi ya kujenga timu ya vijana ya kata kwa njia ya Iceland

Kwa sensa ya 2022, Jiji la Arusha peke yake lina watu zaidi ya 600,000. Iceland nzima ilikuwa na watu kama 330,000 ilipoitoa Uingereza kwa mabao 2-1 kwenye Euro ya 2016. Uti wa mgongo wa kikosi kile ulitoka kwenye timu moja ya vijana, U-21 iliyofuzu fainali za Ulaya za 2011 kule Denmark. Agosti 2010, wakiwa bado kwenye hatua ya kufuzu, vijana hao waliichapa Ujerumani, bingwa mtetezi, mabao 4-1, kisha wakaitoa Scotland kwenye mchujo. Gylfi Sigurðsson, Aron Gunnarsson, Kolbeinn Sigþórsson, Birkir Bjarnason, Alfreð Finnbogason na Jóhann Berg Guðmundsson walikuwa humo wote. Kwenye fainali zenyewe walifungwa 2-0 na Belarus, 2-0 na Uswisi, wakaifunga Denmark 3-1 na kurudi nyumbani mapema. Hakuna aliyewavunja. Miaka mitano baadaye walikuwa robo fainali ya Ulaya, na 2018 wakacheza Kombe la Dunia.

Wanaoisimulia Iceland hupenda kutaja viwanja vyake vya ndani ya kumbi, ambapo kile cha kwanza cha ukubwa kamili kilifunguliwa Reykjanesbær mwaka 2000. Kata ya Ngarenaro au Sombetini hapa Arusha haitajengewa ukumbi wa namna hiyo kesho, na si hapo penye siri. Mambo mawili ndiyo ya kuiga. Kila mtoto, mwenye kipaji na asiye nacho bado, anafundishwa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo na anayelipwa. Na hakuna anayekatwa mapema. Nchi ambayo huzaa watoto kama 4,500 kwa mwaka ina wavulana 2,000 na ushei wa kila umri. Ukimfukuza mmoja akiwa na miaka 11 kwa sababu ni mfupi, huna wa kujaza nafasi yake. Sisi tuna watoto wengi, ndiyo maana tunawatupa ovyo.

Mwongozo huu ni wa timu ya watoto 24 wa miaka 12 hadi 14, uwanja mmoja wa vumbi, na walimu wawili.

Daftari kabla ya mpira

Fungua daftari lenye jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mzazi, urefu, na mguu anaoutumia. Tarehe iandikwe kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, usiandike ya kutajiwa mdomoni. Asiye na cheti, mwambie mzazi aanze kukifuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mwezi huohuo, maana siku ya mashindano ya mkoa itakuwa umechelewa.

Halafu hesabu miezi. Kwa watoto 24, unategemea kama sita wamezaliwa Januari hadi Machi, sita Aprili hadi Juni, na kuendelea. Ukikuta kumi na mbili ni wa robo ya kwanza na wawili tu wa Oktoba hadi Desemba, ujue hukuchagua vipaji, umechagua miili. Mtoto wa Januari amemzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua, na kwenye umri wa miaka 12 mwaka huo unaonekana kwa macho. Kosa hili lipo Ulaya kote na lipo Kijenge. Dawa yake ni kurudi mtaani na kuwatafuta wa mwisho wa mwaka, wale wadogo wanaocheza chandimu na wakubwa bila kunyang'anywa mpira kirahisi. Hao wamekwisha jifunza kufikiri haraka kwa sababu miguu haikuwasaidia.

Fedha na vifaa

Mkikubaliana mchango wa shilingi 5,000 kwa mtoto kwa mwezi, mnapata 120,000. Posho ya walimu itoke kwanza, mipira ifuate, jezi ziwe za mwisho kabisa. Timu nyingi hupindua mpangilio huu: wananunua jezi zenye majina mgongoni, halafu mwalimu anaacha kuja akifika mwezi wa tatu wa kazi kwa kukosa nauli. Anayebaki na watoto ni yeyote mwenye filimbi. Mwalimu asiye na cheti apelekwe kwenye kozi za awali za TFF, shirikisho la soka nchini, na baadaye leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la Afrika. Mkiweka akiba kidogo kidogo kwa ajili hiyo, mmefanya jambo kubwa kuliko kombe lolote la mtaa.

Mipira: kumi na miwili, yaani mmoja kwa kila watoto wawili. Wa miaka 12 watumie namba 4, wakubwa zaidi namba 5. Upepo wa mpira namba 5 unaruhusiwa kuwa kati ya baa 0.6 na 1.1, na kwenye ardhi ngumu ya kiangazi ujaze karibu na 0.6. Ukijaza sana, mpira unadunda kama jiwe, watoto wanaanza kuukwepa kwa kichwa na kifua, na wewe unadhani hawana moyo. Lowanisha sindano ya pampu kabla ya kuiingiza, la sivyo itachana vali, na mpira mzuri utakuwa unalala kila baada ya siku mbili.

Koni 30, au chupa za maji zilizojazwa mchanga nusu. Fulana kuukuu za rangi mbili zinatosha kutenganisha timu. Daluga za mitumba zinapatikana Memorial pale Moshi na kwenye masoko ya Arusha. Angalia soli kabla ya rangi: chagua meno mafupi mengi ya mpira. Zile za meno sita marefu ya chuma ni za nyasi laini, kwenye udongo mkavu zinamtegua mtoto kifundo. Na usikubali mzazi anunue kubwa "atakua nazo". Ikizidi upana wa dole gumba mbele ya kidole, mguu unateleza ndani na malengelenge hayaishi.

Magoli ya miti yafukiwe sentimita 60 hadi 70. Yale ya chuma yanayohamishika ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mtoto akining'inia kwenye mwamba wa juu yanamwangukia. Yafungwe kwenye vigingi au yawekewe viroba vya mchanga nyuma, kila siku, hata kama ni mazoezi ya nusu saa.

Dakika 90 za jioni

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Anza saa 10:15 alasiri, watoto wakishatoka shule, umalize saa 11:45 ili wafike nyumbani kabla ya giza. Ndoo ya lita 20 yenye bomba iwepo pembeni. Watoto 24 hunywa lita 12 na zaidi, na anayekuja na kikombe chake haambukizi mafua timu nzima.

Dakika 15 za kwanza ni mpira mguuni, wawili wawili. Mizunguko ya kukimbia uwanja mzima bila mpira iondoe kabisa. Mtoto aliyetembea kutoka Sokon hadi uwanjani ameshapasha misuli.

Dakika 20 zinazofuata ni miraba ya mita 8 kwa 8: wanne pembeni, mmoja katikati anatafuta mpira. Kwenye uwanja wenye mashimo ruhusu kugusa mara tatu, mbili ni za nyasi. Pasi zikikatika kila mara ya pili, usiwafokee, panua mraba uwe mita 10. Zikifika kumi bila kukatika, ongeza mtu wa pili katikati.

Kisha dakika 20 za wanne kwa wanne, viwanja vitatu vya mita 25 kwa 18, magoli madogo ya koni, michezo ya dakika nne na mapumziko ya dakika moja. Hapa ndipo mchezaji anapotengenezwa. Kwenye wanne kwa wanne hakuna pa kujificha: mtoto anagusa mpira mara nyingi, anakaba, anashambulia, anaamua. Kule Iceland wa miaka 11 na 12 hucheza wanane kwa wanane, na wadogo zaidi huwa wachache kuliko hapo. Sisi tunamweka mtoto wa miaka tisa winga ya kulia kwenye uwanja mkubwa wa watu wazima, anagusa mpira mara nne kwa saa nzima, halafu tunasema hana kipaji.

Dakika 25 ni mechi mbili za sita kwa sita kwa wakati mmoja, mita 40 kwa 30 kila moja, ili wote 24 wacheze. Kumi za mwisho ni maji, kunyoosha misuli na maneno machache. Ukiona watoto wanane wamesimama kwenye foleni wakisubiri kupiga shuti, zoezi hilo limekufa. Ligawe mara moja.

Nafasi uwanjani zizungushwe hadi miaka 13, pamoja na ya golikipa. Mrefu wa leo unayemgandisha kwenye beki ya kati anaweza kuwa wa kawaida akifika 17, na atakuwa hajui kugeuka na mpira.

A, B na C

Gawa timu A, B na C kwa ajili ya mechi, maana mtoto dhaifu akikutana na wakali kila wiki anavunjika moyo. Lakini mazoezi yawe mamoja, dakika zilezile, walimu walewale. Hii ndiyo desturi ya klabu za Iceland, kama Breiðablik ya mji wa Kópavogur ambako Gylfi, Alfreð na Jóhann Berg wote walipitia. Pitia mgawanyo kila baada ya wiki sita. Mwalimu bora akipewa A na kijana wa kujitolea akapewa C, C haitatoa mtu kamwe. Badilishaneni.

Kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi. Utafungwa baadhi ya michezo ya ndondo kwa ajili ya kanuni hii, na wazazi watalalamika. Waeleze kabla ya msimu kuanza.

Masika

Machi hadi Mei uwanja hugeuka tope linaloshika kwenye daluga hadi mtoto hawezi kuinua mguu. Hapo ndipo Iceland ingeingia ndani. Sisi tutafute uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu wa shule jirani, wa mita 28 kwa 15, na tucheze wanne kwa wanne kwa zamu za watoto 12. Tumia mpira namba 4 uliopunguzwa upepo ili usidunde sana, na raba za soli bapa. Saruji ikiwa imelowa, futa au ahirisha. Ukipata uwanja huo kwa miezi mitatu, miguu ya watoto itakuwa tofauti ikifika Juni.

Wanapokua ghafla

Pima urefu kila baada ya miezi mitatu, ukutani, bila viatu. Aliyeongezeka sentimita 2 au zaidi yuko kwenye kasi ya kukua. Atakuwa mzito, atakosea pasi alizokuwa akizipiga, na huenda akaumwa chini ya goti au kisiginoni. Mpunguzie kuruka na mbio za kasi, mwache na mpira. Makocha wengi humwacha mtoto kipindi hichohicho wakidhani ameshuka kiwango. Maumivu yakiendelea baada ya wiki mbili za kupumzika, aende hospitali.

Umri wa kweli

Mwaka 2005 Tanzania iliondolewa kwenye fainali za Afrika za U-17 baada ya kufuzu, kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U-17: mfupa ukionekana umeungana kabisa, ni karibu hakika kijana amevuka 17. Anayedanganya kwenye ngazi ya kata atakamatwa huko juu, na kijana halali aliyeachwa kwa ajili yake atakuwa alishaacha mpira.

Itakapofika kuteua wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, au wa mashindano ya mkoa, soma orodha Jumatatu, kwenye mazoezi, wote wakiwepo. Walioachwa waambiwe mmoja mmoja, siku hiyohiyo, jambo moja la kurekebisha na tarehe ya kuangaliwa tena. Na mazoezi ya Jumatano yaendelee kwa wote, hata kama timu imesafiri. Mwalimu mmoja anaondoka na timu, mwingine anabaki.