Somo: Kupanga kazi za kujirudia kwa cron (msiniulize tena inbox)

Kila wiki swali ni lile lile: kazi ijiendeshe vipi yenyewe kila siku kwa saa yake? Basi naandika jibu mara moja. Cron ni programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba. Seva ni Ubuntu, kazi ni kutuma ankara kila siku saa 2 usiku.

1. Endesha skripti kwa mkono kwanza. Ikigoma hapo, cron haitaiponya.

2. Fungua ratiba ya www-data, akaunti inayoendesha programu, si ya root (msimamizi mkuu wa seva): `sudo crontab -e -u www-data`

3. Saa. Hapa ndipo wengi wanaumia. Cron inahesabu 0 hadi 23 kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia magharibi. Saa 2 usiku ni 20. Ukiandika 2, ankara zitatoka saa 8 usiku, wateja wamelala. Halafu seva nyingi za kukodi huja na UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3. Andika `timedatectl` uone. Ikiwa ni UTC, ama weka 17, ama ubadilishe seva: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha `sudo systemctl restart cron`. Chagua MOJA. Ukifanya yote mawili, zinatoka saa 11 jioni.

4. Mstari wenyewe (dakika 0, saa 20, nyota ni kila siku; kama ulichagua 17, weka 17):

`0 20 * * * flock -n /tmp/ankara.lock /usr/bin/php /var/www/duka/ankara.php >> /var/log/duka/ankara.log 2>&1`

Njia ziwe kamili, PATH ya cron (orodha ya folda inamotafuta programu) ni fupi. `flock -n` ni kufuli: kazi ya awali ikiwa bado inaendelea, mpya haianzi. Mwisho wa mstari unaandika matokeo na makosa kwenye logi, ankara.log.

Maswali yenu na majibu yangu:

Mkuu nimefuata zote, haitumi.
"Haitumi" si taarifa. Logi inasemaje?

Faili la logi halipo kabisa.
Basi www-data haina ruhusa kwenye folda hiyo. Logi isipofunguka, php haiguswi. `sudo chown www-data /var/log/duka`. Uanze na hilo siku nyingine.

Hiyo flock, umeme ukikatika katikati, kufuli si litabaki na kesho kazi isiende?
Swali zuri. Halibaki. Kufuli linashikwa na kerneli (kiini cha mfumo), siyo na faili; mchakato ukifa, linaachiwa. Faili unaweza kuliona /tmp, lakini ni mlango tu usio na komeo. Anayetumia `withoutOverlapping` ya Laravel (mfumo wa kuundia programu za PHP) ndiye wa kuangalia: kufuli lake liko kwenye kashe (hifadhi ya muda) na hukaa hadi saa 24. Likinasa, `php artisan schedule:clear-cache`.

Nyongeza: r na e ni jirani kwenye kibodi, na `crontab -r` inafuta ratiba nzima bila kuuliza.
Kweli kabisa. Kabla ya kugusa: `sudo crontab -l -u www-data > ~/ratiba.bak`