Jinsi ya Kuwavuta Wanafunzi wa Mialoni Kwenye Sayansi ya Mazingira

Mwalimu wa sekondari ya Ukerewe, Kome au Mwanza mjini anayetaka watoto wa wavuvi, wasichana na wenye ulemavu waingie katika sayansi na teknolojia ya mazingira asianze na hotuba kuhusu ajira. Aanze na Ziwa Victoria, ambalo huenda watoto hao wanalijua kuliko yeye.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chukua mfuniko wa ndoo wenye upana wa sentimita 20, uugawe mafungu manne, uyapake rangi nyeupe na nyeusi kwa kupishana, kisha ufunge jiwe kwa chini na, kwa juu, kamba yenye fundo kila baada ya sentimita 10. Wanafunzi, wakiwa wamevaa jaketi okozi, waushushe upande wa mtumbwi wenye kivuli, waandike kina unapopotea machoni, wauvute taratibu na kuandika kina unapoonekana tena. Wastani wa vina hivyo ndio kipimo cha uangavu wa maji. Wakirudia kila wiki, saa ileile, mahali mto unapoingia ziwani, kama Mirongo pale mjini, na mahali pengine mbali na mto, watakuwa na namba za kulinganisha, na maswali kuhusu majitaka, mbolea na magugu maji yatatoka kwao wenyewe. Mwenye ualbino apewe kofia pana na nguo ya mikono mirefu, wala asifanywe karani wa kudumu wa ufukweni, kwani huko ni kumbagua kwa jina la huruma. Asiyesikia akubaliane na wenzake ishara za mikono kabla ya kuondoka.

Wazazi wanaovua dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa zao huvuta dagaa vizuri gizani. Kikao kipangwe siku hizo, kwenye mwalo wenyewe, yaani pale mitumbwi inapopakulia samaki, kupitia BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo huo. Waelezwe waziwazi kwamba binti akiacha kemia mapema, michepuo ya kidato cha tano ya PCB (fizikia, kemia na biolojia) na CBG (kemia, biolojia na jiografia) humfungia mlango, na kwamba aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuomba mafunzo ya uvuvi na ukuzaji viumbe maji FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, Nyegezi.

Hatimaye iombwe ziara TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, zote zikiwa na ofisi Mwanza, na barua iombe kukutana na fundi kijana, ikiwezekana mwanamke aliyekulia mwaloni, badala ya mkurugenzi. Wanafunzi waende na daftari lao, wamuulize kuhusu namba walizopima wenyewe.