Turubai kwanza: namna ya kuishi nje baada ya tetemeko

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, nilikuwa uwani kwangu Hamugembe, Bukoba, nachambua dagaa. Ardhi ikanguruma kama fuso linapita, ila uwani kwangu fuso litapitaje? Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Sisi tulitoka salama, ukuta wa jikoni ukalala. Wiki saba tulizokaa nje zilinifundisha haya.

Usifunge turubai kwenye ukuta uliobaki umesimama, hata ukiwa na kivuli kizuri. Tetemeko haliji moja, na ukuta wenye ufa unangoja la pili. Kaa mbali kuliko urefu wa ukuta wenyewe. Migomba yenye mikungu nayo iepuke.

Sasa turubai lenyewe, maana mvua za Bukoba hazibembelezi. Weka mti wa katikati juu, mrefu kupita kimo cha mtu, pande mbili zishuke kwa mteremko mkali. Letu tulilitandaza bapa. Usiku wa pili likajaa maji, likafanya tumbo, likapasukia juu ya godoro pekee tuliloliokoa. Wala usilitoboe kwa kisu ili upitishe kamba: weka kokoto kwenye pembe, ikunjie ndani, funga kamba shingoni mwa kokoto. Kamba ya mgomba itakufaa siku tatu nne, ikikauka inakatika. Tafuta ya katani. Kisha chimba mfereji kuzunguka, uanzie upande maji yanakotokea, na udongo uurundike upande wa ndani uwe tuta.

Kuingia ndani kutoa vitu: mmoja aingie, mwingine abaki mlangoni akiita. Chukua kadi, vyeti, dawa, sufuria, utoke. Mimi nilirudi kufuata cherehani. Ulikuwa ujinga, nakiri, ingawa ndiyo iliyotulisha mwezi wa kumi.

Misaada ikija, kila anayepita ana daftari lake. Andikisha jina lililo kwenye kadi ya mpigakura, si la mtoto. Mimi niliandikwa "Mama Asimwe", na mtaani kwetu akina Mama Asimwe tuko watatu. Blanketi langu likaenda kwa mwenzangu. Sikumdai, naye alikuwa analala kwenye majani. Nyufa zipige picha kabla hujabomoa, mtu asimame pembeni ukubwa wake uonekane. Na jina lako likisomwa, usitume mtoto akapokee.

Maji chemsha. Kupika, unganeni nyumba tatu kwenye jiko moja, kuni zinaokolewa. Choo cha shimo kikaguliwe kingo zake kabla mtu hajachuchumaa.

Usiku ndio mgumu. Kijana wangu mkubwa alirudi kutoka Ihungo baada ya shule kufungwa, tukawa sita chini ya turubai moja, basi nikamlaza mlangoni: watoto walilala wakijua yupo. Yule mdogo alikuwa anaweka kikombe cha maji kando ya mkeka, anakitazama kama maji yanatikisika mpaka usingizi umchukue. Jirani akasema nimkataze, atazoea woga. Sikumkataza. Nilikuwa namjazia mwenyewe kila jioni. Mwishoni mwa Oktoba, asubuhi moja, nikakuta kikombe kitupu. Nikamuuliza maji yako wapi. Akasema alishikwa na kiu.