Somo: Ultrasaundi ya ini kwa dawa ya viputo

Dawa ya somo hili ni SonoVue: viputo vya gesi ya salfa heksafluoridi, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu. Havitoki nje ya mishipa, na gesi yake hutolewa kwa pumzi, kwa hiyo figo mbovu si kizuizi. Adui wa viputo ni shinikizo, maana huvipasua.

1. Uliza mzio, hasa wa poliethilini glaikoli, kiambato cha dawa hii. Mzio mkali ni nadra, ila adrenalini iwe karibu na kanula (mrija mwembamba wa kupitishia dawa) ibaki mshipani dakika 30.

2. Tafuta uvimbe kwa picha ya kawaida. Chagua mkato ambao hautapotea ini likipanda na kushuka kwa pumzi.

3. Weka kanula ya geji 20. Dawa ipite njia iliyonyooka ya koki (kiungio cha njia tatu), seline (maji ya chumvi) ipite ya pembeni. Kona huvunja viputo.

4. Tia mililita 5 za seline kwenye chupa, tikisa kwa nguvu sekunde 20 mpaka iwe kama maziwa. Vuta kwenye bomba la sindano taratibu. Ukiharakisha, viputo hupasuka, unaingiza maji matupu bila kujua. Ikikaa, viputo huelea juu, tikisa tena. Itumike ndani ya muda wa saa sita tangu kuchanganywa.

5. Washa modi ya kontrasti, MI (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye mashine) isizidi 0.1, fokasi chini ya uvimbe. Kabla ya dawa ini liwe karibu jeusi.

6. Sukuma mililita 2.4, kisha seline mililita 5 hadi 10, na papo hapo anzisha saa. Rekodi mfululizo sekunde 60, halafu chungulia kidogo kila sekunde 30 hadi dakika ya 5.

Uvimbe ukiwaka kwenye awamu ya ateri (sekunde za mwanzo, dawa inapofika kwa ateri) kisha ukafifia kuliko ini kabla ya sekunde 60, shuku saratani iliyotoka kwingine. Ukififia kidogo na kwa kuchelewa kwenye ini lenye sirosisi (makovu), shuku saratani ya ini lenyewe. Hemanjioma (uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani) huwaka vinundu pembeni, ikajaa kuelekea kati.

Swali: Daktari, dakika ya pili karibu na probu kumekuwa cheusi, chini bado kunang'aa. Ni kufifia?
Jibu: Hapana, umevipasua viputo mwenyewe kwa kuskani bila kupumzika. Gandisha picha, hamia sehemu nyingine ya ini ulinganishe.

Swali: Juu kunameta mno, chini giza.
Jibu: Dozi imezidi. Subiri viputo viishe, rudia kwa nusu.

Swali: Vinundu viwili, dozi moja?
Jibu: Awamu ya ateri haigawanyiki. Kila kinundu dozi yake, cha kwanza kikishasafika.