Kupanga Kitengo cha Usafi wa Vyumba katika Nyumba ya Wageni Mwanza

Mgeni anayeshuka basi Nyegezi usiku na kutafuta malazi Kirumba au Pasiansi ananunua chumba safi, kilichoandaliwa na watu ambao huenda asiwaone kabisa. Kwa sababu hiyo, hata gesti ya vyumba 20 inahitaji msimamizi wa usafi mwenye mamlaka yake, na kazi hiyo isibebeshwe mtu wa mapokezi.

Chumba alichotoka mgeni huchukua takriban dakika 30, hivyo vyumba 20 vinahitaji wahudumu wawili kwa zamu ya asubuhi. Kila kitanda kiwe na seti tatu za mashuka: moja kitandani, moja kwa dobi, moja stoo. Wakati wa masika, nguo zinapochelewa kukauka, seti ya nne ni ya lazima.

Mhudumu aanze kwa kufungua madirisha, kutoa mashuka na takataka, kisha aweke dawa chooni na kuiacha ifanye kazi huku akitandika. Vumbi lifutwe kutoka juu kwenda chini, na deki ipigwe mwisho, kuelekea mlangoni. Kitambaa cha choo kiwe cha rangi yake na kisiguse glasi kamwe. Dawa ya klorini isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu inayodhuru mapafu.

Vyumba vinavyotazama ziwa, kama vile vya Capri Point, vina kazi ya ziada. Wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi hufuata mwanga, kwa hiyo madirisha yasiyo na wavu yafungwe kabla ya magharibi, na taa za nje zisizohitajika zizimwe. Asubuhi wafagiliwe wakiwa wakavu, maana wakilowa huchafua ukuta. Chandarua nacho kikunjuliwe na kukaguliwa kwenye mwanga. Malaria ipo Kanda ya Ziwa, na tundu lolote lishonwe siku hiyohiyo.

Mwisho, msimamizi aingie, afungue bomba, avute maji ya choo, kisha akae kitandani atazame dari, kwani ndivyo mgeni atakavyofanya. Akiridhika ndipo awaarifu mapokezi kwamba chumba kiko tayari. Kabla ya hapo kisiuzwe, hata mgeni akiwa amesimama na mizigo. Kitasa kibovu kiandikwe kwenye daftari la fundi, na mali iliyosahauliwa iandikwe tarehe na namba ya chumba, kisha ifungiwe kabatini.